Neno Moja la Mama Yako

Nyamizi mwanangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda Ntalikwa kumuaga bibi yako, na mimi najua hukuondoka kwa ajili ya bibi peke yake. Umeniachia nyumba ili nimuulize mama yako lile swali. Bado sijamuuliza. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda kufunga dirisha nikakuta limefungwa, nimerudi nimekaa tena. Mama yako yuko chumbani kwako. Namsikia akiuvuta mguu wake kutoka kitandani kwenda kabatini na kurudi. Naye hatulii. Nimeona heri nishike kalamu, maana mikono ya fundi cherehani ikikosa kazi hutafuta ugomvi.

Mambo ya maji ya kunywa, ya kulala mapema na ya kutomwamini kila anayejitolea kukubebea mzigo, shangazi yako wa Nzega atakupigia simu akueleze, na atayarudia mpaka salio liishe. Mimi sina hayo.

Jana tuligombana na majirani wakasikia. Nilikwambia mama yako hataki uende. Ukaniuliza amesema nini. Nikajibu kwamba amesema basi. Ukanitazama, ukauliza, "Basi ipi, baba?"

Tangu kiharusi kimpige, mama yako amebaki na neno hilo moja, na sisi watatu tumeishi ndani yake miaka yote hii kama watu waliobanana chumba kimoja. Kuna basi ya ndiyo na basi ya acha. Kuna basi ya njaa, na kuna basi ya nimechoka nanyi nyote wawili. Ukasema nimuulize tena, na wewe usiwepo. "Nikiwepo mtaangalia uso wangu," ulisema, "halafu kila mmoja ataona anachotaka kuona."

Nikakuuliza kama hayo ndiyo wanayowafundisha huko kwenye pomboo wenu. Nilisema kwa kejeli, na kejeli yangu uliiona. Ulijibu taratibu kwamba ndiyo, ni hayo hayo.

Usiku mzima jibu lako limenizunguka kichwani. Ulipotuletea habari kwamba umepata kazi kusini mwa Unguja, ya kukaa kwenye mashua na kurekodi sauti za pomboo, mimi nilicheka. Mtoto wa Kanyenye, hapa Tabora, aliyekulia mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya bwawa, anakwenda kusikiliza samaki! Ukanisahihisha kwamba si samaki, kwamba anapumua hewa na kunyonyesha kama sisi. Kisha ukaweka simu yako mezani, ukatupigia sauti walizokupa chuoni.

Nakumbuka kulikuwa na miluzi inayopanda na kushuka, na katikati yake vidoko vya haraka haraka, kama cherehani yangu inapopita kwenye jinzi. Ukatueleza kwamba vile vidoko si maneno. Pomboo anarusha sauti, inagonga kitu, inamrudia, naye kwa mwangwi huo anajua mbele yake kuna nini hata maji yakiwa na tope. Miluzi ndiyo ya kuitana. Kila mmoja tangu utoto wake anajitengenezea mluzi wake, anaushika, na anaupiga kuwajulisha wenzake kwamba yeye yupo hapa. Na mwenzake akimtaka anaweza kuuiga mluzi ule ule. Ulisema huenda hilo ndilo jambo lililo karibu zaidi na jina ambalo watu wamelisikia kutoka kwa mnyama.

Mimi nikauliza swali la kila mtu. "Sasa wanasemaje?"

"Baba, hilo ndilo swali tunaloogopa kulijibu haraka."

Ukaeleza kwamba binadamu anaweza kuzungumza habari za jana, za mtu aliyekufa, za mvua ambayo haijanyesha, na anaweza kusema uongo kwa maneno yale yale anayosemea kweli. Kama pomboo nao wanasimuliana ya jana, hakuna ajuaye. Ukasema kosa la kwanza ni kudhani hawana la kusema kwa kuwa hawasemi kama sisi, na kosa la pili ni kudhani wanasema yale yale tunayosema sisi. Halafu ukataja mdomo wao. Kila mtu hudhani pomboo anatabasamu, kumbe ndivyo alivyoumbwa. Hata akiwa anaumwa, hata akiwa anakufa, uso wake ni ule ule.

Nikamtazama mama yako. Unakumbuka mdomo wake ulivyovutwa upande baada ya kuugua. Alipokwenda msibani kwa jirani yetu, wanawake walinong'ona kwamba anacheka. Alisikia. Masikio yake hayakuwahi kuugua. Tangu siku ile hakwenda tena msiba wa mtu, na alikuwa mwanamke asiyekosa msiba.

Siku hiyo ya simu yako alisogeza kiti, akainamisha sikio mpaka likagusa kioo, akasema basi. Nikadhani kelele zimemchosha. Nikanyosha mkono nizime. Akanipiga kofi mkononi.

Wewe ulicheka sana. Mimi nilicheka kidogo. Miaka yote hii, na bado ninakosea.

Nyamizi, sisi watu wa huku wazee wetu walikwenda pwani kwa miguu, mizigo kichwani, wakarudi na Kiswahili. Ndiyo maana Tabora tunajivuna kwamba tunasema vizuri, hata mtu wa Dar akija anatusikiliza mara mbili. Nami nimejivuna hivyo maisha yangu yote. Pale barazani kwenye duka la vitambaa la Bi Nasimu, ninapoweka cherehani yangu, watu huja na kitambaa cha kukata, na huja pia kunisikiliza ninavyozungumza. Barua za posa nimewaandikia vijana wengi wa mtaa huu. Kusema najua. Kusikiliza hakuna aliyenipa, wala sikuomba.

Ulikuwa darasa la tano mama yako alipoanguka. Alikuwa anasonga ugali, mwiko ukamtoka, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Wewe ndiye uliyenikimbilia dukani. Hospitali walifanya walichoweza. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Siku zikapita kabla hajatoa sauti, na sauti ilipotoka ilikuwa hiyo basi. Tulishangilia, tukafikiri mengine yanafuata. Hayakufuata.

Mimi nikafanya nilichojua kufanya, nikaanza kusema kwa niaba yake. Wageni wakiuliza hali yake, nilijibu mimi. Wakimwuliza amekula, nilijibu mimi. Nilisema anashukuru, anawasalimu, amefurahi kuwaona. Alikuwa ameketi hapo hapo. Nilidhani ninamsitiri. Wewe, mtoto mdogo, ulikaa naye jikoni mkichambua mchicha, na kutoka baraza ya nyumbani nilikuwa nasikia basi za kila namna, ndefu, fupi, ya juu, ya chini, na wewe unajibu kama watu wanaopiga soga. Nikadhani unamchezea.

Walimu wakaanza kulalamika kwamba unachelewa shuleni, unasinzia darasani. Nikaona mtoto wangu anageuzwa muuguzi. Shangazi yako akasema akuchukue Nzega, usome, ukue kama watoto wengine. Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Nikamwuliza mama yako. Akasema basi. Nikamshukuru.

Wewe uliposikia ulikuja barazani kwa Bi Nasimu na sare za shule, mbele ya wateja, ukaniambia, "Baba, ile si basi ya ndiyo." Nikakwambia wewe ni mtoto. Hukubisha. Ulikwenda kufunga nguo zako.

Yaliyofuata uliyasikia juu juu, maana hukuwepo, na mimi niliyakatisha kila ulipouliza. Leo nakupa yote.

Siku chache baada ya kuondoka kwako nilirudi mchana nikakuta mlango uko wazi na jiko limezimika. Mama yako hakuwepo. Nilidhani yuko uani, kisha nikadhani yuko kwa jirani. Mwanamke anayeburuta mguu ataenda wapi? Nilifika mpaka barabara kubwa bila kumwona. Nilirudi dukani, nikamweleza Bi Nasimu, naye unamjua, duka lile la baba yake halijawahi kufungwa mchana hata siku ya mvua ya mawe. Alifunga. Tukagawana mitaa. Tulipita hospitali, tukapita stesheni, tukapita kituo cha polisi. Msikitini walitangaza. Kila mahali waliniuliza kama anaweza kujieleza, na kila mahali nilijibu hawezi.

Kumbe alikuwa amekwenda stendi. Haya niliyajua baadaye kutoka kwa wapiga debe wenyewe. Alifika pale akasema neno lake. Kijana mmoja akamwuliza, "Basi la wapi, mama?" Akasema basi. Wakamwuliza tena, akasema tena, kwa nguvu zaidi, akinyosha mkono wa kushoto. Alikuwa anataka Nzega, anakufuata wewe. Wao waliona mama mgonjwa anayetaka basi, na basi la Urambo lilikuwa linawasha injini. Wakamnyanyua kwa heshima kabisa, wakamkalisha kiti cha mbele. Alipiga kelele mpaka nje ya mji, kijana yule akaniambia. Alipiga kelele akisema basi, basi, na abiria wakamtuliza, "Ndiyo, mama, umeshapanda."

Ngoja ninywe maji.

Nimerudi. Nimempitia mlangoni, ameinamia begi lako, amenipa mgongo. Sikuingia.

Urambo walimshusha stendi. Watu wa pale walimdhania amelewa, wengine wakasema ni mwendawazimu. Aliyemchukua ni mwanamke aliyekuwa anauza chakula kando ya stendi, Mama Kulwa, mwenye mapacha wadogo. Alimpa kiti na sahani ya wali akaendelea na wateja wake. Mapacha wakaanza kulia wote kwa pamoja, kama wanavyofanya mapacha. Mama yako akamnyoshea mkono wake mzima. Mama Kulwa akasita, kisha akampa mmoja.

Naye akaimba.

Wewe wimbo ule unaujua, alikutungia mwenyewe ukiwa tumboni, na alikuwa ameacha kuuimba ulipoanza shule kwa sababu ulimwambia unakuaibisha. "Nyamizi wa Maganga, mtoto wa Kanyenye, lala, baba yuko cherehani." Yalitoka maneno yote, moja baada ya jingine, kwa mdomo ule ule usioweza kuomba maji. Mama Kulwa aliniambia alidondosha upawa. Akamwuliza, wewe ni nani, unatoka wapi? Akajibu basi. Akamwacha, akasubiri, mtoto akalia tena, wimbo ukarudi.

Baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba hutokea hivyo kwa baadhi ya waliopigwa na kiharusi, kwamba kuimba hupita njia nyingine kichwani. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwahi kumwomba mke wangu mgonjwa aimbe. Nani angemwomba?

Mama Kulwa alimlaza kwake. Asubuhi akaenda kwa mwenye duka la vitambaa hapo Urambo, akamwuliza kama anamjua fundi wa Kanyenye anayeitwa Maganga. Yule hakunijua mimi, lakini alikuwa ananunua mzigo kwa Bi Nasimu. Akapiga simu. Bi Nasimu alitoka dukani ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maji.

Nilipofika Urambo nilimkuta mama yako amekaa kwenye kigoda, pacha mmoja mapajani, mwingine kamshika kanga. Aliniona. Hakuinuka. Nikaanza kumshukuru Mama Kulwa, na kama kawaida yangu nikaanza kueleza, kwamba mke wangu ni mgonjwa, kwamba hawezi kusema, kwamba alipotea njia. Mama Kulwa alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Hawezi kusema?" aliuliza. "Mbona tangu jana ananieleza habari zenu zote?"

Nikamsaidia mama yako kuinuka.

Tulipofika kwenye basi la kurudi Tabora mama yako aligoma kupanda. Alishika nguzo kwa mkono wa kushoto. Nilimbembeleza, nikamwambia nyumbani kuna hiki na kile, nikamwambia watu wanamsubiri, nikayamaliza maneno yangu yote mazuri. Basi likawa linapiga honi. Ndipo, kwa kuwa sikuwa na lingine, nikasema jina lako tu. "Nyamizi?" Akaiachia nguzo. Akalia, mwanangu, na uso wake ulikuwa ule ule uliovutwa, anayepita angesema mwanamke yule anacheka na machozi.

Hatukushuka nyumbani. Tulifika Tabora tukapanda gari la Nzega siku ile ile. Hayo mengine unayajua, maana ulikuwa unafagia uwanja wa shangazi yako ulipotuona. Shangazi alikasirika, akasema nikikurudisha nyumbani ninakuharibia masomo. Huenda alikuwa na haki. Nilimwambia sijui kama ninafanya vizuri, ila najua nimeulizwa na nimejibu. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Nikikutazama sasa na cheti chako, naona hukuharibika. Lakini sitaki uondoke ukidhani kwamba tangu siku ile baba yako alijua. Sikujua. Nilijifunza kumwuliza na kungoja, nikajifunza kumwonyesha vitu badala ya kuvitaja, jioni nikawa naanzisha wimbo ili aumalizie. Kisha nachoka, naharakisha, najibu kwa niaba yake kwa kuwa mgeni anangoja na chai inapoa. Hata jana. Jana ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu jana sikukosea kusikia. Nilisikia basi ambayo sikuielewa, nikaichukua, nikaitia maneno yangu mwenyewe, nikakuletea nikasema ni yake.

Huko unakokwenda utakaa na watu kwenye mashua, utasikia mluzi, na mmoja wenu atasema, huyu anamwita mama yake, kwa sababu siku hiyo yeye mwenyewe anamkumbuka mama yake. Mvumilie. Ni mwenzangu huyo. Na Waunguja watakwambia jambo kwa upole sana na wewe, mtu wa bara, utadhani umekubaliwa. Kiswahili ni kimoja, masikio ni mengi. Na ikitokea wewe ndiye umekosea kusikia, rudi ukamwulize aliyesema, hata ukiona haya. Nilipata aibu mara nyingi na sijafa.

Haya, sasa naenda kumwuliza. Nimesema yote yaliyokuwa yananizuia, hakuna tena pa kujificha.

Nimerudi, na jua limeshageuka upande wa pili wa nyumba.

Niliingia nikakuta begi lako tupu. Nguo zote ulizokunja tangu juzi zilikuwa kitandani. Nitakwambia kweli iliyonipata, mwanangu: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema, nimepata ushahidi, hataki, amelifumua begi kwa mkono wake. Nikamwuliza, "Hutaki aende?" Akatikisa kichwa. Nikamwuliza, "Unataka aende?" Akatikisa kichwa vile vile. Unajua kichwa chake nacho hakiaminiki kama ulimi. Nikamwuliza kama begi ni bovu, kama kuna nguo imepotea, kama anaumwa. Akasema basi, ile ya kunichoka. Hiyo huwa siikosei.

Nikakaa chini sakafuni, nikaegemea kitanda. Nikanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti. Kuku waliingia, wakatoka. Yeye alikuwa anapekua nguo, anaweka hii huku, anaweka ile kule, mpaka akalivuta gauni lako la buluu, lile nililokushonea Idi, linalofika chini kabisa. Akalitandaza. Akaweka kiganja chake cha kushoto juu yake, kwa ubavu kama anayekata, chini kidogo ya usawa wa goti. Akanitazama.

Nilikuwa karibu kusema. Nikajizuia.

Akashika bega langu, akasimama vizuri. Akaliweka gauni mwilini mwake, akainua mguu wake mzima juu sana, kama mtu anayevuka ukingo wa kitu. Kidole kikanasa kwenye upindo. Akayumba makusudi, akaniegemea uzito wote. Kisha akafanya tena, polepole, kama anayemfundisha mjinga.

Mashua. Alikuwa anapanda mashua. Mama yako, ambaye bahari ameiona kwenye simu yako tu, amekaa siku zote hizi tukigombana juu ya kichwa chake kama anataka au hataki, yeye anafikiria utakavyoinua mguu kupanda mashua na gauni refu likunase utumbukie.

Sitaki kuiita hiyo ndiyo. Umenifundisha nisiharakishe. Huenda moyo wake unakataa na mkono wake unakuandalia safari. Wangu uko hivyo. Lakini nilimwambia jambo nililokuwa sijalisema kwa sauti kwa mtu yeyote. Nilimwambia, "Mimi ndiye sitaki aende." Akakaa kando yangu sakafuni, na kukaa chini kwake si kazi ndogo.

Kisha akanipiga kwenye paja kwa gauni, niinuke.

Nimelifupisha. Nimekata, nimekunja, nimeshona, nimelipiga pasi. Nikampelekea nikiwa na haraka ya kulirudisha begini kabla hujafika. Akalinyanyua mbele ya dirisha. Kabla ya kuugua hakuna nguo iliyotoka kwangu bila kupita mikononi mwake, na hakuwa na huruma. Wateja walikuwa wanamwogopa yeye kuliko mimi. Tangu augue hakuwahi kugusa kazi yangu tena, na mimi nilidhani hajali, au haoni. Leo alipitisha kidole kwenye upindo mzima, akafika upande wa kushoto, akasimama. Akaushika uzi kwa meno. Akafumua.

Alikuwa na haki. Upande mmoja ulikuwa umeshuka.

Nimeshona upya, yeye akishikilia kitambaa kwa mkono wake wa kushoto, akikivuta kila ninapokwenda mrama. Tumechukua muda mrefu na tumegombana, kila mtu kwa namna yake. Ndiyo maana nimekucheleweshea chakula. Kando ya gauni ameweka suruali yako nyeusi, uivae ndani, watu wa Unguja wasije wakasema umetoka kwa wasio na adabu. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Naona vumbi la bodaboda pale kona, huenda ni wewe. Jaribu gauni mbele yake kabla hujala, uinue mguu juu, aone.

Baba yako,
Maganga